Vijifuko vya Joto vya Shemeji

Mtu anayewinda bata mwitu wakati wa baridi kali hupambana na bata wenyewe na miguu yake mwenyewe, na kwa niliyoyashuhudia, bata ndio wenye nafuu. Shemeji yangu, ambaye amemwoa dada yangu na ambaye kwa sababu hiyo siwezi kumkemea hata anapostahili, alikuja alfajiri akiwa amevaa jozi tatu za soksi, mbili za pamba na moja ya sufu, zote zikiwa zimeshindiliwa ndani ya gambuti, huku akitembea kama mtu aliyekatazwa kukunja vidole.

Nilimweleza kwa adabu kwamba soksi zikibana, damu haifiki vidoleni ipasavyo, na kwamba pamba ikilowa haihifadhi tena joto, ilhali sufu huendelea kuhifadhi kiasi fulani hata ikiwa na unyevu. "Wewe tazama tu, shemeji," akanijibu, kisha akatoa vijifuko viwili vya kupasha joto, akavitikisa kwa mbwembwe na kutumbukiza kimoja katika kila buti.

Tulikata tope hadi kwenye matete, tukajificha pembezoni mwa maji yaliyoanza kuganda. Miguu ya binadamu ina tezi za jasho zipatazo 250,000, na nadhani za shemeji zilifanya kazi zote kwa pamoja njiani, kwa kuwa mpira hauruhusu jasho kutoka. Hatukukaa sana akaninong'oneza kwamba buti zimetoboka na vijifuko vimekufa.

Alivua buti la kulia, nalo likatoka kwa mlio ambao nisingependa kuueleza mbele ya wakwe. Mvuke ulipanda kutoka kwenye unyayo. Soksi ya ndani ilipokamuliwa, ilitoa matone mazito ya jasho ambayo yeye alisisitiza kuwa ni maji ya ziwa. Akakishika kijifuko ili anionyeshe ushahidi wa utapeli wa muuzaji, na papo hapo kikaanza kupata moto kiganjani mwake. Akafurahi, akakirudisha, akavaa. Kikafa. Akavua tena, kikafufuka. Mchezo huo uliendelea kwa subira ambayo sijawahi kuiona kwake katika jambo lingine lolote, na kila mara nilipewa kazi ya kushika buti.

Ndipo bata walipokuja. Walipita chini kabisa, mbawa zikivuma, wakati bunduki ya shemeji imelala kwenye matete, mwenyewe amesimama kwa mguu mmoja, na mimi nimekumbatia gambuti lake kama mtoto mchanga. Alijaribu kuirukia bunduki, akakanyaga maji yenye barafu kwa mguu mtupu, akapiga ukelele uliowageuza hata bata waliokuwa bado mbali. Wengine walikuwa wamesimama kwenye barafu ng'ambo ile bila soksi na bila wasiwasi wowote, kwa kuwa katika miguu ya bata damu ya moto inayoshuka hupita kando ya damu baridi inayopanda na kuipasha, hivyo joto jingi hurudi mwilini. Walimtazama kidogo, kisha nao wakaondoka.

Maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo sikuwa na muda wa kucheka. Nilimkausha mguu kwa skafu yangu, nikampa soksi za akiba za sufu nilizozihifadhi chini ya shati ili ziwe kavu na zenye joto la tumbo, jozi moja tu, nikamwamuru, kwa mara ya kwanza tangu ndoa ile ifungwe, asimame juu ya ubao na si juu ya ardhi iliyoganda.

Baadaye nilimfafanulia kuhusu vijifuko. Ndani yake mna unga wa chuma uliochanganywa na chumvi, mkaa na maji kidogo. Chuma hicho hushika kutu haraka na kutoa joto, lakini kutu huhitaji oksijeni, na ndani ya gambuti lililobana hewa haitoshi.

"Kwa hiyo kinachokosekana ni hewa tu?" akauliza.

"Ni hewa tu, shemeji."

Aligeuza gambuti, akalikagua soli kwa makini, kisha akaniuliza kwa upole kama nilikuwa na msumari.