Kuchungulia mazoezi si umbeya

Wapo waongozaji wa michezo ya kuigiza hapa Lubumbashi, Kongo, ambao hawataki kabisa mtu asiye wa kundi lao aingie uani wakati wa mazoezi, na kila mwombaji anapofika langoni jibu ni lile lile: siri ya mtungi aijuaye kata. Upande wa pili wako watazamaji, hasa vijana, ambao mchezo uliokamilika hauwatoshi. Wanataka kumwona mwigizaji akikosea, akikatizwa, akianza upya, na kwa hamu hiyo huitwa wambea. Nimewahi kukaa ndani ya lango hilo na nimewahi kusimama nje yake, na naona hawa wa pili wanaonewa.

Wanaofunga lango wana hoja, tena si nyepesi. Mazoezi ni mahali pa kukosea, na mtu mwenye haya hathubutu kukosea mbele ya mgeni. Simu nazo zimeongeza hatari: mwigizaji anayeiga chifu mla rushwa anaweza kurekodiwa kwa nusu dakika, kipande hicho kikasambazwa bila mwanzo wala mwisho, na kesho yake akaulizwa ni kiongozi gani aliyekuwa akimtukana. Ipo pia hoja ya wale wanaosema kwamba aliyeona jinsi machozi yanavyotafutwa hataguswa tena na kilio. Na msomi wa Marekani, Dean MacCannell, alikwisha kuonyesha mwaka 1973, alipochunguza watalii, kwamba mtu anayetamani kuona ya ndani mara nyingi huandaliwa "ndani" ya kumfurahisha, ambayo nayo ni jukwaa jingine. Video nyingi za nyuma ya pazia zinazozunguka leo ni za namna hiyo, kwa kuwa watu wanacheka ndani yake kwa sababu kamera ipo. Hoja hii naikubali, ila kosa lake ni la anayedanganya, si la yule aliyetaka kuona.

Je, anayetaka kuona anatafuta nini? Katika mji huu jibu lake tunalo kwa maandishi, na chanzo chake ni kuku. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa mezani na rafiki yake wa hapa, firigisi ikaleta maneno, na rafiki akatamka msemo wa Kifaransa, le pouvoir se mange entier, yaani mamlaka huliwa mazima, hayamegwi. Fabian akawapelekea waigizaji wa kundi la Mufwankolo msemo huo awaulize maana yake. Nao hawakuishia kwenye maelezo: waliamua kuutungia mchezo, na wakamwacha akae pembeni na kinasa sauti chake tangu majadiliano ya kwanza, kupitia mazoezi, hadi siku ulipochezwa katika kijiji cha Kawama na kurekodiwa kwa ajili ya televisheni. Tukumbuke ilikuwa enzi ya udikteta wa Mobutu, na mchezo ulihusu mamlaka. Kama ni sababu ya kufunga lango, wao walikuwa nayo kuliko sisi.

Mchezo ule haukuandikwa kwanza. Waigizaji walikubaliana juu ya mkondo wa kisa, wakagawana wahusika, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe katika Kiswahili tunachozungumza hapa, na maneno hayo yakakomaa kadiri walivyorudia. Hapo ndipo ninapokwama kila ninapofikiria suala hili. Katika uigizaji wa aina hiyo mazoezi ndiyo muswada. Hakuna daftari litakalofunguliwa miaka ishirini baadaye ili mtu aone sentensi gani ilifutwa na ipi ilibaki, ni nani aliyependekeza mzaha fulani, ni nani aliyeukataa na kwa nini. Tuseme Fabian angerudishwa langoni kwa heshima zote: tungebaki na kile kilichoonekana siku ya mwisho, endapo mkanda wenyewe ungedumu, na ufundi uliokileta ungezikwa na waliokuwa nao. Kinachoniuma ni kwamba kitabu kilichoyahifadhi mazoezi hayo, Kiswahili kikiwa na tafsiri yake ya Kiingereza, kilichapishwa Marekani mwaka 1990, na kijana wa mitaa yetu kama Kamalondo au Ruashi anayetaka kujua wazee wake walivyojenga mchezo hana budi kukifuata huko. Simlaumu mgeni aliyekaa akasikiliza. Najiuliza ni vijana wangapi wa kwetu walioomba kukaa vilevile wakaambiwa wanapenda udaku.

Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu naye, miaka ya 1973 na 1974, alipomchorea Fabian historia ya nchi yetu katika picha zipatazo mia moja, hakumkabidhi turubai akaenda zake. Aliketi akaeleza alichokusudia, na maelezo hayo leo yana thamani sawa na rangi alizopaka.

Kuhusu hofu ya simu, nimeona suluhisho lake katika ua mmoja wa Katuba, ambako mwongozaji aliyekuwa mkali kuliko wote alikubali hatimaye kuingiza majirani kwa sharti kwamba kila simu iachwe kwenye beseni langoni. Siku hiyo walikuwa wakirudia tukio la mkamwana anayemletea baba mkwe maji ya kunawa kabla ya bukari, yaani ugali. Binti aliyeigiza alisimama, akamimina, akamtazama mzee usoni na kusema maneno yake vizuri sana, na mwongozaji akaridhika. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye jiwe karibu na ukuta akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba mkamwana hamwangalii mkwewe usoni, wala hamimini akiwa amesimama. Kukawa kimya. Binti akapiga magoti, akainamisha uso, akarudia maneno yale yale, na sauti yake ikabadilika yenyewe, kwa maana sasa alikuwa akizungumza na beseni, si na mtu. Tukio zima likawa zito kwa namna ambayo sisi tuliokuwepo hatukuitarajia. Wiki tatu baadaye niliutazama mchezo huo ukumbini, na ilipofika zamu ya maji nilijikuta nimeshikilia pumzi, ingawa nilijua kila kitakachofanyika.

Jumamosi iliyofuata yale mazoezi ya kwanza bibi alirudi, na mwongozaji mwenyewe ndiye aliyemtolea kiti.