Intakula kwenye dizeli ya 4x4: nani anaihitaji hasa?

Mwenye gari la 4x4 lenye injini ya dizeli na tabo, ambalo halikutoka kiwandani na intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo kwenda kwenye injini), hakosi mtu wa kumwambia kwamba akifunga moja gari litaruka. Hakosi pia wa kumwambia kinyume: kama kiwanda hakikuifunga basi haihitajiki, na ataishia kupasua silinda hedi. Nimewahi kuwa upande wa kwanza, nikahamia wa pili, na sasa naona kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Kwangu mimi intakula ni kinga ya injini inayofanya kazi nzito kwa muda mrefu. Anayeifunga kwa ajili ya kutafuta nguvu anaanza na kosa, na kosa hilo humpeleka kwenye mengine.

Tabo, pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa eksozi, hubana hewa kabla haijaingia kwenye silinda, na hewa ikibanwa hupata joto. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono analijua hilo kwa kiganja chake. Tuseme nje kuna nyuzi 30 za sentigredi na tabo inasukuma baa 0.7 juu ya mgandamizo wa kawaida. Hewa hiyo hutoka kwenye tabo ikiwa na nyuzi 100 au zaidi kidogo. Ikipita kwenye intakula nzuri hushuka hadi nyuzi 50 hivi. Hewa iliyopoa ni nzito, kwa hiyo silinda ile ile inameza hewa zaidi kwa takriban asilimia 15. Ila intakula nayo ina mirija myembamba inayoikwaza hewa. Ikipoteza baa 0.1 tu njiani, faida yote inabaki asilimia 8 au 9. Namba ya kwanza hutajwa sana, ya pili haitajwi.

Na hata hizo asilimia 8 hazigeuki kuwa nguvu zenyewe. Kwenye dizeli, nguvu hufuata kiasi cha mafuta ambacho pampu inapiga. Kilo moja ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, lakini kwa kuwa mafuta na hewa havipati muda wa kuchanganyika vizuri, moshi mweusi huanza kuonekana hata hewa ikiwa bado inazidi kiasi hicho. Injini ambayo tayari ilikuwa inapata hewa ya kutosha haitabadilika sana chini ya mguu wako. Moshi utapungua mlimani, na joto la eksozi litashuka.

Hilo la joto ndilo linalonifanya niitetee intakula. Ukishusha joto la hewa inayoingia kwa nyuzi 50, joto la eksozi nalo hushuka kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Aloi ya alumini na silikoni inayotumika sana kutengenezea pistoni huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 577 hivi, ilhali gesi ya eksozi kwenye mlima mrefu inaweza kupita nyuzi 700. Pistoni hunusurika kwa sababu moto huzigusa kwa vipindi vifupi, kisha oili na kuta za silinda hulichukua joto hilo. Kwa gari linalovuta trela kupanda mlima kwa nusu saa bila kupumzika, nyuzi 50 zinaweza kuamua kama pistoni itafika juu salama.

Mfano unaopendwa na watetezi ni Land Rover. Mwaka 1986 ilitoa dizeli ya lita 2.5 yenye tabo bila intakula, nguvu farasi 85, na pistoni za injini hiyo zikapata sifa mbaya ya kupasuka. Mwaka 1989 ikaja injini ya 200Tdi, ukubwa ule ule, ikiwa na intakula, nayo kwenye Discovery ikatoa nguvu farasi 111. Ni mfano mzuri, lakini haki itendeke: 200Tdi ilikuja pia na silinda hedi mpya na upigaji wa dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Intakula haiwezi kubeba sifa yote. Toyota nayo ilileta injini ya 1HD-T mwaka 1990, silinda 6, lita 4.2, bila intakula, na ziko zilizotembea kilomita laki kadhaa. Injini kubwa isiyokamuliwa sana inaweza kuishi bila kifaa hiki.

Upande wa wapinzani una hoja moja nzito kuliko zote: mahali pa kuiweka. Ikikaa mbele ya rejeta hupata upepo mzuri, lakini upepo huo ukifika kwenye rejeta tayari umeshapata moto, na mbele kulikuwa tayari na kondensa ya AC. Rejeta iliyokuwa inamudu kwa shida sasa inashindwa. Ikikaa juu ya injini chini ya tundu la boneti, bomba zinakuwa fupi na rejeta inabaki huru, ila joto la injini linaipanda kutoka chini. Kwenye mchanga laini, gari linakwenda mwendo wa mtu anayetembea huku injini ikinguruma. Hakuna upepo, na intakula ya juu isiyo na feni yake hugeuka kuwa chuma cha moto. Yaani katika kazi ambayo hasa watu hununulia 4x4, kifaa hiki ndipo kinapodhoofika. Anayeishi kwenye matope na mchanga, mara chache akienda barabarani na mzigo, mimi ningemshauri aache.

Bomba na hozi ni jambo dogo, ila klampu moja ikilegea mlimani gari hukosa nguvu ghafla na kutoa moshi mweusi. Tabo ikifa, vipande vyake na oili huishia ndani ya intakula, na lazima isafishwe kabla ya kufunga tabo mpya.

Kinachonisumbua zaidi ni kinachofuata baada ya kufunga. Geji ya tabo inasoma chini kidogo kuliko jana, kwa sababu ya ile baa 0.1, na mwenye gari anamwambia fundi aongeze mgandamizo. Kisha, kwa kuwa hewa sasa ipo, waongeze dizeli kidogo kwenye pampu. Hapo nguvu inakuja kweli, na zile nyuzi 50 za usalama zinaliwa zote na mafuta yaliyoongezwa. Injini ikipasuka, lawama inakwenda kwa intakula.

Kwa hiyo ningeanza na rejeta safi, feni nzima, na geji ya joto la eksozi ambayo kitambuzi chake kimefungwa kwenye tundu lililotobolewa kwenye manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa silinda zote) kabla ya tabo. Kikikaa baada ya tabo kinasoma chini sana na kumdanganya dereva. Panda nayo mlima uliouzoea, na mzigo uliouzoea. Ikikaa nyuzi 550, fedha ya intakula ina kazi nyingine.