Futi 28 zimemgeuza mwenye mtumbwi kuwa kibarua

Wiki iliyopita nilikuwa Majanji, mwalo wa Uganda kwenye Ziwa Victoria, kwenye msiba. Baada ya mazishi, rafiki mmoja wa marehemu baba alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba yake kunionyesha kilichobaki cha mtumbwi wake: mbao tatu, moja imeungua nusu, misumari bado imo. Ulipimwa, ukakutwa una futi 24, ukatiwa moto palepale mwaloni. Nyavu zilizokuwa ndani ziliungua nao, na zilikuwa za macho ya inchi 7, halali kabisa kwa sangara. Leo mzee huyu anavua kama baharia kwenye mashua ya tajiri wa mjini. "Mwanangu," aliniambia, "sasa naomba samaki wa mboga kwa vijana niliowafundisha kutega."

Nimeshindwa kulinyamazia jambo hili.

Kanuni inataka chombo cha kuvulia sangara na ngege (yaani sato) katika Ziwa Victoria kisipungue futi 28. Sababu yake naifahamu, na ina maana. Mtumbwi mdogo hauendi mbali. Unabaki karibu na mafunjo, kwenye maji ya kina kifupi, ambako ngege huzaliana na samaki wachanga hukulia. Tena upepo wa ziwa letu umezika watu wengi waliotoka na vyombo vidogo. Hayo yote sawa. Lakini kinachovua samaki ni wavu. Mtumbwi wa futi 20 wenye wavu wa inchi 7 unawaacha sangara wadogo wapite zao, wakati mashua ya futi 30 yenye nyavu za macho madogo inazoa wote, wazazi na watoto.

Halafu tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo mtu mdogo anapomalizwa. Futi 28 haziishii kwenye mbao na ujira wa fundi. Chombo cha ukubwa huo hukipeleki kilindini kwa kasia usiku kucha, kinataka injini. Injini inataka petroli kila safari. Ili petroli ilipe, lazima uongeze nyavu, na nyavu zikiongezeka unahitaji mabaharia zaidi, nao wana watoto wanaosubiri kula. Kwa hiyo kanuni iliyowekwa kulinda samaki inamlazimisha anayeitii avue wengi zaidi kuliko alivyokuwa akivua kabla ya kuitii. Aliyekuwa akiridhika na samaki wachache wa kuuza asubuhi sasa akirudi na wachache hao amepata hasara.

Na asiye na mtaji? Anaingia kwenye mashua ya mwingine. Samaki wakiuzwa, petroli inatolewa kwanza, kisha tajiri anachukua fungu lake, na kinachobaki ndicho mabaharia wanachogawana. Usiku ambao ziwa limekunyima unarudi nyumbani mikono mitupu, pengine na deni la chakula. Mtu aliyekuwa na chombo chake, aliyeweza kuamua leo sitoki, upepo ni mbaya, hana tena uamuzi huo.

Nyavu haramu, kwa upande wake, hazifichwi. Nikiwa njiani kurudi niliingia duka moja mjini Busia, nikazikuta nyavu za uzi mmoja wa plastiki zimetundikwa juu ya kaunta, karibu na maboya na kamba, bei unatajiwa bila hata kushusha sauti. Hakuna mvuvi anayezifuma zile. Zinaletwa kwa magari, na barabara ya lami ni rahisi kulinda kuliko ziwa. Zikizuiwa huko, hakuna mtumbwi utakaohitaji kuchomwa kwa ajili yake.

Nitajibiwa kwamba tangu jeshi liingie ziwani mwaka 2017 kusimamia kanuni za uvuvi, sangara wakubwa wameonekana tena na viwanda vilivyokuwa vimelala vikaamka. Ni kweli, wavuvi wenyewe wanakiri, nami nakubali kwa shingo upande. Ila minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki, yanakwenda China, na mama wa Majanji anabaki na vichwa na mifupa ya kukaanga. Hata kile kipimo cha chini cha sentimita 50 kwa sangara anayeruhusiwa kuvuliwa kinahitaji kuangaliwa upya, kwa maana majike mengi ya urefu huo hayajataga hata mara moja.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hakuna mahali pa kuyasema haya. Kamati za BMU, yaani kamati za wavuvi za kusimamia mialo, zilizoanza 2003, zilikuwa na nafasi za wenye mitumbwi, za mabaharia na za kina mama wachuuzi. Rais Museveni alizisimamisha Novemba 2015. Sizitetei zote, maana nyingine zilikula rushwa mchana kweupe na kufumbia macho kokoro, wavu haramu wa kukokota, la mjumbe wao. Lakini kamati mbovu wanakijiji waliweza kuipigia kura ya kuiondoa. Huyo anayekuja na kamba ya kupimia unamwondoaje?

Ng'ambo tu, upande wa Kenya, Sio Port, BMU zipo mpaka leo. Ziwa ni lilelile, na sangara aliyezaliwa kwetu anaweza kukulia kwao. Serikali irudishe kamati za kuchaguliwa, ianze hapa hapa Majanji, na iziache zikutane na wenzao wa Sio Port zipange pamoja sehemu za mazalia zisizoguswa na mtu yeyote, mwenye futi 20 wala mwenye futi 40. Na kabla ya kuwasha moto mwingine, mwenye mtumbwi ulio mfupi na nyavu halali apewe muda na mkopo wa kujenga mwingine. Mzee yule hakuomba zaidi ya hilo. Aliomba miezi sita, akanyimwa.