Benchi la wagonjwa na kamba ya mita 40

Opereta ni kanuni ya hisabati inayogeuza kitu kimoja, tuseme orodha ya namba, kuwa kingine; nadharia ya aina yake moja, opereta haiponomali, hufundishwa kinyumenyume. Mwanafunzi anaandikiwa ubaoni T*T − TT* ≥ 0, anaambiwa wazo hili lilitoka kwa mwanahisabati Paul Halmos mwaka 1950, basi, ahangaike nalo. Mimi ningeanzia kwenye benchi la wagonjwa.

Benchi hili lina mwanzo lakini halina mwisho, na kila nafasi ina mtu. Wasogeze wote nafasi moja nyuma, ya kwanza ibaki wazi (amefika mama mwenye mtoto mchanga). Kisha warudishe mbele: kila mtu yuko palepale. Sasa anza na kuwasogeza mbele. Wa kwanza keshaingia kwa daktari. Ukiwarudisha wengine nyuma, nafasi yake ni tupu. Umempoteza mtu mmoja kwa kubadili mpangilio tu. Kusogeza nyuma ndiyo T, kusogeza mbele ndiyo mwenzake T*. Opereta T ni haiponomali pale ambapo hasara ya namna hii, kati yake na T*, huangukia upande uleule daima. Kwenye matriksi za kawaida haitokei kabisa, kwa sababu ulalo wa tofauti hiyo hujumlika kuwa sifuri. Bila ukomo hakuna hadithi.

Utamu wenyewe ni huu. Kila opereta ina spektra, yaani umbo fulani katika bapa la namba changamano. Mwaka 1970 Putnam alithibitisha kwamba hasara haiwezi kuzidi eneo la spektra likigawanywa kwa pai. Spektra ya benchi letu ni duara lililojaa, nusu kipenyo 1. Eneo lake ni pai. Gawanya kwa pai, unabaki na 1, na aliyepotea ni mtu mmoja. Spektra isiyo na eneo, mstari kwa mfano, haina hasara yoyote.

Miaka ya 1980 Dmitry Khavinson akaja kutoka upande wa pili. Chukua kiwanja chenye eneo A na mzingo P, na opereta inayozidisha fanksheni zake laini kwa z. Hasara yake haipungui 4A²/P². Ibane chini ya kipimo cha Putnam, na inadondoka 4πA ≤ P²: kwa kamba ya mita 40 mraba unazungushia mita za mraba 100, duara takriban 127, na hakuna umbo litakalolipita duara. Ndiyo, mjenzi wa msonge hakuhitaji nafasi ya Hilbert (ulimwengu ambamo opereta hizi hufanya kazi) kulijua hilo. Lakini mimi nilipoliona likitokea kwenye hesabu za opereta niliweka kalamu chini.

Halafu kuna toleo la pili, fanksheni zikipimwa kwa eneo la ndani badala ya ukingo. Olsen na Reguera walionyesha kwamba hapo kipimo cha Putnam hukatika nusu. Kinachodondoka safari hii ni kanuni ya Saint-Venant: kati ya nondo zenye mkato wa eneo sawa, ya mviringo ndiyo ngumu kuliko zote kuisokota.