Viza ya kukaa kwenye kiti

Jumamosi usiku tulimsindikiza Papaa Terminal 3, tukarudi naye. Na begi lake. Mpaka leo hasira hazijaisha ndo maana naandika.

Papaa ni jirani yetu hapa Sinza, Mkongo wa Bukavu, ana miaka 14 Dar, nusu ya mabwana harusi wa mtaa huu wameolea suti zake. Kibali cha ukaazi anacho, kodi analipa, viza ya Brazil ipo kwenye pasi maana alikuwa anaenda kumwona mjukuu São Paulo. Ndege inapita Amsterdam, masaa matatu tu, hatoki nje, hapiti uhamiaji, anashuka geti hili anaenda geti lile. Dada wa kaunta kaangalia pasi, kaangalia kompyuta, kaangalia pasi tena: "Baba, viza ya transiti iko wapi?"

Yani viza ya kukaa kwenye kiti.

Simlaumu yule dada, akimpandisha mtu asiye na karatasi shirika lake linapigwa faini, Ulaya inaweza kufika euro 5,000 au hata zaidi kwa kichwa kimoja. Wa kulaumiwa kwanza ni aliyemkatia Papaa tiketi, kachukua hela kakaa kimya.

Usiku huohuo nikakaa nazisoma hizi sheria. Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, wana orodha ya nchi 12, Kongo imo, Nigeria imo, Ethiopia, Somalia, walewale. Pasi ya huko haipiti hata ndani ya airport bila viza. Haya. Ila kuna msamaha: ukiwa na kibali cha kuishi Marekani, Kanada au Japani unapita. Na Andorra. Na San Marino! San Marino jamani, nchi ambayo ukiwabeba wote ukawaingiza Uwanja wa Mkapa viti vinabaki. Kwahiyo Mkongo wa San Marino ni mtu na heshima zake, Mkongo huyohuyo akihamia Sinza anakuwa mtoro mtarajiwa. Kwani kibali chetu kinaokotwa Kariakoo? Papaa kapeleka makaratasi, kapigwa alama za vidole, kalipa madola, na kila kikiisha anaanza upya. Mtu ana mke, watoto wako shule, ana cherehani nne na oda za harusi mpaka Disemba, atorokee Amsterdam akafanye nini?

Sawa, wapo waliochana pasi chooni kwenye ndege wakashuka wakaomba hifadhi, siwezi kukataa. Ila hao ndo wanakata tiketi ya kwenda na kurudi?

Na Mtanzania usicheke. Schengen hawatudai hii, lakini Uingereza tumo kwenye orodha yao, Heathrow unabadilisha ndege tu na viza unatakiwa uwe nayo. Marekani ndo kabisa, hakuna cha kupita bila viza, hata ukibadilisha ndege tu unaiomba, dola 185.

Siku wakubwa wetu wakikaa na Wazungu kuongelea uwekezaji naomba mmoja anyooshe mkono aulizie na hivi vibali tunavyotoa sisi.

Papaa kakata tiketi nyingine, anapitia Addis, wiki ijayo. Begi liko sebuleni bado na ile plastiki ya airport, ndani kuna dagaa wa Kigoma kilo tatu. Mkewe anasema nyumba inanuka. Papaa anasema hafungui kitu, plastiki kalipia.