Bwawa Limehamia Barabarani

Mimi sina ugomvi na chura. Tangu nihamie Nyalenda tumeishi vizuri tu: yeye anapiga kelele usiku, mimi napiga kelele mchana kuhusu kodi ya nyumba, na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mambo yaliharibika mvua ya Aprili ilipoanza, binti yangu Akinyi akaja na simu mkononi. "Baba, ona Waingereza."

Nikaona. Watu wazima, wamevaa reflekta kama za bodaboda, ndoo mkono huu, tochi mkono ule, wanaokota vyura barabarani usiku. Akinyi akanieleza kwamba kule, Februari na Machi, mvua ikinyesha na joto likipita digrii 5 (wenzetu huliita hilo joto), chura huamka usingizi wake wa baridi na kurudi kuzaa kwenye bwawa lile lile la siku zote. Barabara ikimkatizia njia, haulizi. Anavuka, tena kwa kutembea, pole pole kama karani anayerudi ofisini baada ya chakula cha mchana. Shirika moja la huko, Froglife, linakadiria kuwa tani 20 za vyura hufa barabarani kila mwaka Uingereza. Nikapiga hesabu: hiyo ni mifuko 400 ya saruji. Akinyi akasema si lazima kila kitu nikipime kwa saruji. Mimi ni fundi mwashi, nipime kwa nini, kwa maua?

Usiku huo huo nikajikuta nje, nimeshika beseni ambalo mama yake huoshea omena. Masharti nikasomewa. Chura unampeleka upande aliokuwa akielekea. Ukimrudisha alikotoka, atageuka aanze safari upya. Na ukikuta dume amepanda mgongoni mwa jike, usiwatenganishe.

Nikapata wawili wa namna hiyo. Dume kadogo, kamemkumbatia jike chini ya makwapa, macho mbele, kama abiria aliyekwisha kulipa nauli. Nilipowainua, nikakojolewa kiganjani. Jike alitulia tu na mzigo wake. Nikageuka nikamwona Mama Akinyi mlangoni. Hakusema neno, ila tabasamu lile nalijua.

Nikawavusha. Kugeuka, hao wanarudi. Nikawavusha tena upande wa pili. Wakarudi. Mara ya tatu nikamulika vizuri, ndipo nikaelewa. Bwawa halikuwa ng'ambo. Lilikuwa pale pale katikati ya njia: lile shimo ninalolipigia kelele tangu Akinyi akiwa darasa la pili, na sasa yuko sekondari. Shimo lililomeza soli ya kiatu changu cha kanisani na kumwangusha mwuza mandazi na ndoo yake nzima. Kule Ulaya wanamchimbia chura njia chini ya lami afike majini. Hapa kwetu maji yamemfuata barabarani, hana haja ya kusumbuka.

Asubuhi kulikuwa na mayai. Nyuzi ndefu za ute, ndani yake vitone vyeusi vimepangwa kama shanga, vimejizungusha kwenye kipande cha tairi. Baada ya siku chache, viluwiluwi, mkia na kichwa tu. Akinyi akazungushia shimo mawe na matawi. Watu wa boda wakawa wanapunguza mwendo wakiona yale matawi. Mmoja akasimama kabisa, akavua kofia: "Pole mzee. Ni nani ametuacha?"

Nikamwambia bado wako hai, wote mia mbili.

Basi Alhamisi, wakati mimi nakunywa chai, nikasikia mlio ambao sijawahi kuusikia mtaani kwetu. Lori. Limejaa kokoto. Likasimama mbele ya matawi, akashuka kijana na koleo begani na karatasi mkononi, akaanza kuulizia yule mzee anayelalamika kila mwaka kuhusu shimo. Majirani wote wakaninyooshea kidole. Siku hiyo walikuwa na umoja wa ajabu.

"Mzee, ni wewe? Tumekuja kujaza."

Nikalitazama lile lori. Nikamtazama Akinyi, amechuchumaa ukingoni na beseni la omena, hapepesi macho.

"Shimo gani?" nikamuuliza.