Ya Muda Hadi Lini?

Mkenya akiona uzio umechipuka usiku kwenye uwanja wa umma, haulizi kunajengwa nini. Anauliza nani amenyakua. Ndivyo nilivyouliza hata mimi, huku Marekani ninakoishi, nilipokuta ukanda wa bustani ya umma umezungushiwa seng'enge na matingatinga yamo ndani.

Nikasogea kusoma kibao. Jirani na bustani panajengwa nyumba za ghorofa, na baraza la mji limempa mjenzi haki ya kuutumia ukanda ule kwa miezi 18. Hakuuziwa. Amepewa pa kuegesha mitambo na kurundika udongo, na ruhusa ya mkono wa winchi kupita angani juu ya miti. Ukichimba msingi hadi mpakani mwa ploti, huna pengine pa kusimama ila kwa jirani, na hapa jirani ni umma. Tarehe ya mwisho imeandikwa. Ada imelipwa, na dhamana imewekwa: mjenzi asiporudisha nyasi, mji unazipanda kwa pesa hizo.

Msiniambie kwetu sheria haipo. Sheria ya Ardhi ya 2012 iliweka leseni ya kutumia ardhi ya umma ambayo haijagawiwa mtu, kwa muda usiozidi miaka 5. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaeleza ardhi ya umma ni ipi. Karatasi tunazo. Kinachokosekana ni siku ya kung'oa uzio. Kwetu "kwa muda" ni namna ya kubisha hodi: mchanga kwanza, kisha kibanda cha mlinzi, kisha ukuta wa mawe, na siku moja mtu anachomoa hati miliki ambayo hakuna aliyejua ilitoka lini.

Kwa hiyo simcheki anayekataa kila kitu. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, wabunge walimkejeli. Bustani ipo hadi leo. Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa vitoa machozi wakidai uwanja wao wa kuchezea. Aliyeyaona hayo, umwendee na "tuazime kidogo tu"?

Ila nyumba tunazihitaji. Mishahara inakatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mjini palipobanana kila mradi utatafuta pa kumwaga mchanga. Tukikataa kila ombi, mjanja atapitia mlango wa nyuma, kama kawaida yake. Mimi ningekubali, mradi mkataba ubandikwe pale pale kwenye uzio, kwa Kiswahili, pamoja na tarehe na kiasi cha dhamana, mama mboga ausome akipita.

Huku nako si peponi. Wenye nyumba zao walilipinga ombi lile kikao baada ya kikao, wakitaja ndege na vivuli. Nashuku wengine hawakutaka tu wapangaji. Na mti mzee ukikatwa, mche haukulipi kivuli chako.

Tarehe ilipofika nilipita makusudi. Uzio ulikuwa bado umesimama. Wiki iliyofuata nikarudi: umeondolewa, nyasi changa zimezungushiwa kamba, na watoto wameshairuka.